Ruhusa ya Kuangalia Tu

Kijiwe hiki cha Ilembo hakina kibao, lakini mwambie bodaboda yeyote wa Mpanda akupeleke "kwa kahawa ya Mrundi", atakushusha hapo hapo mlangoni. Mrundi mwenyewe ni Emelyne, mzaliwa wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, ambaye Burundi anaisikia redioni kama unavyoisikia wewe. Benchi ni ubao mmoja mrefu wa mninga ambao seremala aliukataa kwa sababu ya ufa, umeegemezwa kwenye ukuta wa kibanda cha simu cha Nestori. Kila anayelikalia hupewa jina la pili, apende asipende. Nestori anaitwa Injinia, ingawa chuo alichosoma ni cha kufungua simu mbovu na kumwomba Mungu zifungike. Benedikto, mlanguzi wa mahindi, ni Redio, kwa kuwa habari ikiingia kwake hailali. Telesphor ni Wakili. Aliwahi kuwa shahidi kwenye kesi ya mpaka wa shamba, na tangu siku hiyo hafungui mdomo bila "kwa mujibu wa". Na Luhende, mfugaji wa Kasokola, ni Mzee Mnada, maana kila kitu cha dunia hii hukipima kwa ng'ombe.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Barabara ya Kasokola ilikuwa uji mtupu, magari ya mchanga hayakutoka, na hakuna mtu kijiweni aliyekuwa na pa kukimbilia. Nestori alikuwa dirishani kwake akibandika kioo kipya kwenye simu ya mteja. Simu yake mwenyewe ilikuwa imelala pembeni, ikiguna kila baada ya muda. Redio akashindwa kuvumilia.

— Injinia, hiyo simu yako leo ina mimba? Mbona inaguna?

— Ni wakala wangu huyo, akasema Nestori bila kuinua macho. Akimaliza kazi ananiarifu.

— Wakala? Mzee Mnada akageuza shingo huku na huku. Wa kutoa pesa? Yuko wapi? Mbona sioni meza wala mwavuli?

— Siyo wakala wa mwavuli, mzee. Ni wakala wa AI, akili mnemba. Unampa kazi, anaenda kuifanya mwenyewe huko mtandaoni, wewe unakunywa kahawa yako.

— Unamlipa?

— Huyo hali, halali, na mshahara hadai.

— Basi huyo siyo wakala, akasema Mzee Mnada. Huyo ni msukule.

Benchi zima likacheka mpaka ufa ukalia. Nestori naye akacheka, na kicheko kile kikamlevya. Wateja wake wengi walikuwa watu wa kumgombeza, kwamba chaji haiingii, kwamba spika inakoroma. Kusikilizwa namna ile kulikuwa kitamu. Akaweka koleo chini, akajifuta mikono.

— Kazi yake si mchezo, wazee. Nimemuunganisha na pochi ya sarafu za mtandaoni, zile hela zisizoshikika. Anasoma miamala yote, iliyoingia na iliyotoka, tangu pochi izaliwe. Anakwambia hela yako ina tabia gani.

— Pochi ya nani? akauliza Redio.

Hapo ndipo Nestori angeweza kusema "ya mteja" akarudi kwenye kioo chake. Pochi haikuwa yake. Ilikuwa ya Elias, kijana wanayemwita Dola, anayepanga chumba nyuma ya mashine ya kukoboa. Kazi ya Elias ni kujifungia ndani na kusoma sentensi kwa sauti, za Kiswahili na za Kisukuma, kwa ajili ya kampuni moja ya nje inayofundisha mashine kusikia watu wanavyoongea. Hela yake huja kwa sarafu hizo. Wiki ya nyuma alikuwa amemfuata Nestori amsaidie kupanga miamala, ajue malipo yapi ni ya kazi ipi. Simu yake ilikuwa imejaa, kwa hiyo wakala akawekwa kwenye simu ya Nestori.

— Anaangalia tu? Elias alikuwa ameuliza. Hawezi kuhamisha kitu?

— Nimempa ruhusa ya kuangalia tu. Kugusa hawezi.

— Sawa, kaka. Ila ukishanipangia, mtoe.

— Kwani mimi mtoto mdogo?

Kazi ilikwisha siku ile ile, Elias akapewa mpangilio wake, akashukuru, akaondoka. Wakala hakutolewa. Nestori alijiambia atamtoa kesho, na kesho ikazaa kesho. Ukweli ni kwamba akikosa wateja alikuwa anachungulia. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anatazama tu, kama mtu anavyotazama dirisha la jirani lililoachwa wazi.

— Ya Dola, akasema.

— Eh! Redio akasogea. Ya Dola? Hebu ifungue tuone!

— Mwenyewe hayupo, akasema Emelyne akimimina kahawa.

— Ndiyo maana tunaangalia, mama. Angekuwepo si tungemuuliza?

Wakili akakohoa, akaweka kikombe chini kwa heshima zote.

— Kwa mujibu wa sheria, kuangalia si kuiba. Macho hayana pazia. Tena wahenga walisema, penye wengi hapaharibiki neno. Sasa sisi ni wengi. Fungua.

Nestori akamtazama Mzee Mnada. Hakuna pale asiyejua kwamba Elias alikuwa anamposa Nyanzala, binti wa mzee huyo, na kwamba mshenga angefika Kasokola Jumamosi. Mzee hakusema fungua, wala hakusema acha. Alikuwa anapuliza kahawa iliyokwisha poa.

Nestori akabonyeza. Akaiambia simu ieleze hela ya pochi ile inaingiaje na kutokaje. Ikajibu kwa sauti laini ya kike, Kiswahili kilichonyooka kama cha mtu anayesoma taarifa ya habari:

— Kila mwisho wa mwezi, pochi hii hupokea malipo kutoka chanzo kimoja. Muda mfupi baadaye, sehemu kubwa ya fedha hutumwa kwenye anwani moja ile ile. Kinachobaki ni kidogo. Mtindo huu umejirudia tangu kiangazi kilichopita.

Redio akanyanyua simu yake, akaisogeza dirishani.

— Mwambie arudie. Sijasikia vizuri.

Simu ikarudia neno kwa neno.

— Muulize hiyo anwani ni ya nani.

— Sioni jina, ikajibu. Anwani ni namba tu. Inaweza kuwa ya ndugu, ya mfanyabiashara anayebadilisha fedha, au ya taasisi. Kwa miamala peke yake siwezi kujua sababu.

— Huyo anamficha, akasema Redio. Wameshazoeana. Mimi nawaambia ni kubeti. Kijana wa siku hizi hela yake yote haiendi sehemu moja kama si mkeka.

— Mkeka ungerudisha japo siku moja, akapinga Wakili. Hii inakwenda tu, hairudi. Kwa mujibu wa uzoefu, hela isiyorudi ni ya mwanamke. Nilimwona amepanda gari la Inyonga mwezi ule. Inyonga ana nani? Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, maana yake mtu anayekwenda kwenda Inyonga ana mtoto huko.

— Mwanamke gani anapokea sarafu za mtandaoni Inyonga? Atanunulia nini, asali? Hapana. Redio akashusha sauti. Hao ni wale jamaa wa siri wanaoabudu shetani. Unaingia, unatoa kila mwezi, mpaka siku wakupe gari. Mbona hela anapata, na shati ni lile lile?

— Umegusa penyewe, akasema Wakili, sasa macho yamemtoka. Fikirieni, wazee. Yeye anauza nini? Si sauti? Sasa mtu ukishauza sauti yako kwa wazungu wakaitia kwenye mashine, wewe utabaki unaongea na ya nani? Ameiweka rehani! Kila mwisho wa mwezi anaikomboa kidogo kidogo!

— Ndiyo maana kwaya aliacha! akapiga paja Redio.

Huu ndio ulikuwa wakati wa Nestori kuzima simu. Mjadala ulikuwa umeshafika kwenye upuuzi, angesema neno moja watu wangecheka na kugeukia mpira. Badala yake alihisi jukwaa linamponyoka, linakwenda kwa Wakili, akataka kulirudisha.

— Na mwezi uliopita alituma mara mbili, akasema. Ya pili aliituma akiwa amebakiwa na hela ya kula tu. Nimeiona mwenyewe kwa macho yangu. Mtu aliyeshikwa, ameshikwa.

Mzee Mnada akaweka kikombe kwenye ubao. Kiliyumba, kahawa ikamwagika, hakuangalia.

— Huyo ndiye anayetaka binti yangu, akasema polepole. Mimi nilikuwa nimeshamtengea na ng'ombe wa kuanzia maisha. Kumbe nafuga shimo.

— Mzee, hatujui bado, akasema Emelyne.

— Tunajua nini zaidi ya hicho? Mwanangu Maiko yuko Dar, bandarini, anabeba kontena. Muda mrefu hajanipigia, lakini siongei, mtu wa kazi hana muda wa simu. Huyu yeye anashinda ndani anasomea mashine hadithi, na hela inapotelea gizani. Jumamosi mshenga asije. Atakuta nimefunga zizi.

Maneno hayo hayajapoa, Elias akatokea upande wa mashine ya kukoboa, ameviringisha suruali, ndala mkononi kwa sababu ya tope. Akainama kidogo kama kawaida yake.

— Shikamooni, wazee.

Hakuna aliyeitikia. Elias akatabasamu kwa wasiwasi, akatafuta uso wa kumpokea. Redio aliangalia barabarani. Wakili alikuwa anachunguza sahani ya karanga. Macho ya kijana yakafika dirishani, kwenye simu ya Nestori, na kwenye kioo chake akaona miamala yake imepangwa mstari kwa mstari, jinsi ile ile aliyopangiwa wiki iliyopita.

— Injinia? akasema.

Neno moja tu. Hakugomba, wala sauti hakuipandisha. Aliliita jina lile kama mtu anayeuliza nyumbani kuna mtu. Nestori akaokota koleo, akaanza kutafuta skrubu ambayo haikuwa imepotea.

— Kijana, akasema Mzee Mnada. Mwisho wa mwezi hela yako inakwenda kwa nani?

Elias akanyoosha mkono upande wa mashine.

— Baba, naomba tusogee pale pembeni nikwambie.

— Pembeni kwa nini? Tumesikia hapa, tuambie hapa.

— Hili si la hapa, baba.

— La hapa! Una mke huko Inyonga?

— Sina.

— Unabeti?

— Sibeti, baba.

— Basi sema! Nilikuwa nakupa damu yangu, unanificha nini? Sema mbele ya hawa, au jina la Nyanzala ulitoe mdomoni leo hii!

Elias akamtazama mzee, akautazama ubao wote na watu wake. Nestori aliona kitu ambacho hakukielewa upesi: kijana hakuwa anajihurumia. Alikuwa anamhurumia mzee. Kisha Elias akakanyaga tope, akaja mpaka mbele ya benchi, akachuchumaa, akaweka mkono begani kwa Mzee Mnada, na kumnong'oneza sikioni.

Mzee alikuwa amekaa chini ya dirisha lile lile. Nestori hakutega sikio, lakini alikuwa karibu mno.

— Baba, ni Maiko. Hayupo bandarini. Dawa za kulevya zilimpata. Yuko kwenye nyumba ya kuwatibu huko Pwani, namlipia kupitia mtu wa Dar anayebadilisha hizi hela. Mwezi uliopita alitoroka, akarudi, wakataka malipo upya. Aliniapisha nisikwambie mpaka apone, aje akwambie mwenyewe kwa miguu yake. Anaendelea vizuri, baba. Nisamehe.

Mzee Luhende hakusogea. Kwanza alitikisa kichwa kama mtu anayekataa bei. Halafu mdomo ukaanza kucheza, akauziba kwa kiganja, na mabega yale mapana, yaliyozoea kusukumana na madume mnadani, yakashuka taratibu. Elias akamshika mkono, akamwinua.

— Ng'wanawane, akasema mzee kwa Kisukuma. Mwanangu. Haikujulikana anamwita yupi.

— Nipo, baba.

— Twende nyumbani. Mama yako asije akasikia kwa watu.

Wakaondoka hivyo hivyo, mzee amemshikilia kijana, wakifuata ukingo wa barabara ambako nyasi zilizuia tope. Elias hakugeuka nyuma. Nestori alikuwa anangoja ageuke, amtukane, hata amrushie jiwe. Angelipokea kwa mikono miwili.

— Kasemaje? Redio akamvuta shati dirishani. Injinia, wewe ulikuwa karibu. Kasema nini?

— Sijasikia.

— Ah, umesikia bwana! Mbona mzee kalegea vile? Ni deni? Ni maradhi?

— Nimesema sijasikia!

Akachukua simu. Alitafuta mahali pa kufuta ruhusa, akabonyeza, ikamuuliza kama ana uhakika, akabonyeza tena. Orodha ikapotea. Ilikuwa kazi rahisi hata haya ikamzidi. Wiki nzima kesho kesho, kumbe ni jambo la muda wa kupenga kamasi.

— Redio, akasema. Ulikuwa unarekodi pale.

Redio akajikuna shingo.

— Kidogo tu. Ile sauti ilinivutia.

— Umetuma?

— Kwenye kundi la mtaa. Lakini sikutaja mtu! Nimeandika tu, "Bwana harusi wa Kasokola huyo."

— Futa.

— Ngoja... nimefuta. Redio akaendelea kutazama kioo, na uso wake ukaanza kupoteza ile furaha ya habari. Ila kuna watu wameshasikiliza. Na kuna mtu ameshaipeleka kundi la Kasokola. Nyanzala yumo kule. Na mama yake.

Wakili alifungua mdomo.

— Maji yakimwagika...

Akaufunga.

Nestori alikaa kwenye kigoda chake nyuma ya dirisha. Aliwaza kwamba alikuwa amempa wakala ruhusa ya kuona, na wakala alikuwa mkweli, alisema waziwazi kwamba sababu haijui. Waliojua kila kitu walikuwa wao. Na ile siri haikuwa ya Elias peke yake. Kwenye ncha ya pili ya kila muamala alikuwepo Maiko, mtoto aliyekuwa akipita hapo na ndama wa baba yake, ambaye sasa, huko aliko, anahesabiwa kuwa mwanamke wa Inyonga, mkeka, na shetani. Nestori alitaka kuwaambia wenzake ukweli ili wanyamaze, akaona kwamba kusema ni kumvua mzee nguo mara ya pili. Akanyamaza na siri ya watu kifuani, siri ambayo hakuna aliyempa.

Emelyne alizunguka akikusanya vikombe. Cha Redio kilikuwa na kahawa nusu. Alikichukua hivyo hivyo, akaimwaga kwenye tope. Redio hakudai.

Ndipo pikipiki iliyosheheni ikasimama mbele ya kibanda, akashuka mama mmoja wa makamo, kanga imelowa, amekumbatia kiroba cha mchele. Rozari ilimning'inia shingoni. Akapumua, akaweka kiroba kwenye ncha ya benchi alipokuwa amekaa mzee.

— Hodi hapa, wazee wangu. Naitwa Specioza, natoka Majimoto, napeleka mchele sokoni. Naomba kahawa nipashe mwili. Njia ya leo ni ya kutubia dhambi.

— Karibu, mama, akasema Emelyne. Kahawa imekwisha.

Birika lilikuwa bado linatoa mvuke.

— Haya, Mungu atajalia. Mama yule akawatazama mmoja mmoja, akaona nyuso zilivyo, sauti yake ikateremka. Kumbe ni kweli. Nimepishana na baba mmoja pale kwenye kalavati, analia kama mtoto, kijana kamshika mkono. Nikamwambia bodaboda, hapo mbele kuna jambo. Nyie ndio mlikuwa naye?

— Ndiyo, akasema Wakili kwa sauti ndogo.

— Poleni sana. Amefiwa na nani?

Redio akaangalia miguu yake. Wakili akatazama ukuta.

— Mtoto? akauliza Specioza. Jamani, mtoto wake?

Nestori akataka kusema hapana, hakuna aliyekufa, yu hai na anapona. Lakini angeulizwa tu: kama hakuna aliyekufa, nani kamliza?

Specioza alipoona macho yanamkwepa, akafanya walivyomlea kwao. Alishika pindo la kanga, akafungua fundo kwa meno, akatoa noti moja iliyokunjwakunjwa, akainyoosha juu ya paja mpaka ikalala.

— Mimi sikai, mzigo wangu unangojwa. Lakini msiba haupitwi mikono mitupu. Akanyoosha mkono kwenye dirisha, kwa kuwa yule wa dirishani ndiye aliyeonekana kuwa na majonzi kuliko wote. Hii ni rambirambi yangu. Nimpe nani, baba? Wewe ndiye ndugu yake?